Tope la Namba Moja

Historia nyingine huandikwa kwa tope.

Niliwahi kuunda kijigari cha Volvo PV544, gari ambalo Joginder Singh na nduguye Jaswant walishindia East African Safari ya mwaka 1965. Bodi nilikata mkebe wa Blue Band, ekseli nikatia waya, magurudumu nikachonga soli ya ndara. Nikapaka rangi, likang'aa kweli kweli. Mjomba, fundi wa magari tangu ujana wake, alilitazama akacheka.

"Hili limetoka dukani, mjomba. Halijafika popote."

Niliudhika, lakini alisema kweli. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na yalizoeleka kukimbizwa Pasaka, masika yakianza. Volvo yenyewe ilikuwa imekwisha kutumika kabla Joginder hajaipata. Mimi nimeipa mng'aro wa nini?

Basi nikachunga udongo mwekundu kwa kitambaa, nikauchanganya na gundi na maji. Sasa niupake wapi? Joginder aliondoka wa kwanza, namba 1. Hakuwa na gari mbele la kumrushia tope usoni. Kwa hiyo nikapaka zito nyuma ya magurudumu na ubavuni, jepesi kiooni.

Madereva wa ng'ambo walisubiri hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola aliposhinda. Barabara zetu zilitaka mwenyeji.

Mjomba safari hii hakucheka. Alinyosha kidole tu: "Ongeza hapa, chini ya mlango."