Studio ya Sauti Ndani ya Keja: Anza na Blanketi, Maiki Baadaye

Kila msee mwenye sauti nzito ashaambiwa hii kitu: “Buda, wewe ulifaa kuwa redioni.” Siku hizi si lazima ungoje redio ikuite. Wera ya sauti imejaa kwa simu: matangazo, podikasti, video za mafunzo, vitabu vya kusikiliza, katuni, na wateja wanaotaka Kiswahili, Sheng, Dholuo ama Kikuyu kutoka kwa mtu anayeibonga kila siku.

Lakini kabla mteja akupe kazi, ataitisha sampuli ya dakika moja hivi. Sampuli ikiskika kama umerekodia bafuni, hiyo sauti yako tamu haitakusaidia. Mteja anafunga faili na kufungua ya msee mwingine.

Hapo wengi hukimbia Luthuli na kurudi na maiki ya bei. Wanaiwasha na bado inaskika bafu, tena sasa na mathree ya barabarani iko ndani. Noma ni kwamba maiki nzuri huskia vizuri kila kitu, hata ile uchafu. Kwa hivyo rada ni hii: doh ya kwanza iende kwa chumba, ya pili kwa maiki. Hivi ndivyo unapanga.

Maadui wawili, dawa mbili

Kuna mwangwi na kuna kelele. Watu huzichanganya, halafu wanatibu malaria na dawa ya kikohozi.

Mwangwi ni sauti yako mwenyewe ikigonga ukuta na kurudi kwa maiki. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Kwa keja ya mita tatu, inaenda ukutani na kurudi kwa chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Sikio haliskii kama mwangwi wa bondeni, linaskia kama mtu ameingiza kichwa kwa ndoo. Keja zetu ni za mawe, sakafu ni ya simiti ama taili, na dirisha ni kioo. Zote ni ngumu, zote zinarudisha sauti. Dawa ya mwangwi ni vitu laini na vizito.

Kelele ni ile inatoka kwingine: nganya, jirani na subwufa yake, friji, feni ya laptopu, mvua kwa mabati. Blanketi haizuii kelele ya nje kuingia. Kuizuia kabisa kunataka ukuta mzito na mlango usiopitisha hewa, na hiyo ni ujenzi, si kupamba chumba. Kwa mtu wa kukodi, dawa ya kelele ni tatu tu: saa, kona, na kukaribia maiki.

Jipime hivi. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukiskia mlio kama wa bati unafuata, uko na mwangwi. Halafu rekodi sekunde kumi za kunyamaza kabisa, uvae hedifoni na usikize. Utashangaa vile friji hubonga.

Chagua kona na saa

Kaa mbali na dirisha na mlango. Usikae katikati kabisa ya chumba na usigusane na ukuta mtupu. Kama kuna kabati ama laini ya kuangika nguo, hapo ndio studio yako. Nguo ni kati ya vitu bora vya kumeza sauti, na tayari unazo.

Saa nayo, soma mtaa wako kwa wiki moja. Kuna mitaa hunyamaza saa sita usiku, na mingine makanga huanza kuita abiria saa kumi alfajiri. Ijumaa kuna kesha, Jumapili kuna kanisa lenye spika nje. Andika zile saa mbili zenye utulivu zaidi, na hizo ndizo saa za kazi. Kama kuta ni nyembamba, usipige nduru usiku wa manane. Sauti ya kawaida ndani ya blanketi haisumbui jirani, na kazi nyingi haihitaji kelele hata hivyo.

Zima friji wakati wa kurekodi, lakini weka funguo za nyumba juu yake ndio usisahau kuiwasha. Simu iwe kwa hali ya ndege. Laptopu iende kwa betri, kwa sababu chaja zingine huleta mlio wa “mmmm” kwa rekodi.

Visha chumba nguo

Nenda Gikosh ama Toi utafute blanketi nzito za mtumba, duveti ya zamani, ama mapazia mazito. Angalia uzito, si urembo. Ukiishika na mkono mmoja na mkono uchoke, hiyo ni fiti.

Kuna kosa moja la kawaida: watu huweka vitu vyote laini nyuma ya maiki. Maiki nyingi za sauti huskia mbele zaidi na nyuma kidogo. Maiki inakuangalia wewe, kwa hivyo ukuta ambao inauona ni ule ulio nyuma ya mgongo wako. Huo ndio wa kwanza kuvishwa. Fuata na pande mbili, kisha juu ya kichwa kama dari ni chini. Sakafuni weka kapeti.

Usibandike blanketi kwa ukuta kabisa. Acha nafasi ya sentimita tano hadi kumi, kwa sababu hewa hiyo ya katikati huisaidia kumeza zile sauti nzito za chini. Unaweza kuangika kwa kamba, kwa fimbo za pazia, ama kutengeneza fremu ya mbao ya umbo la U ya kukunja na kuweka chini ya kitanda. Landlodi hataona msumari hata mmoja.

Godoro nalo ni mali. Lisimamishe nyuma yako wakati wa kurekodi, ulirudishe kitandani ukimaliza.

Trei za mayai, wachana nazo

Hii stori imezunguka miaka. Trei ya mayai ni karatasi nyembamba. Haizuii kelele ya nje, na mwangwi inapunguza kidogo tu. Kibaya zaidi, inashika moto haraka. Kwa bedsita ambapo meko iko hatua mbili kutoka kitandani, hiyo ni ngori. Hata sponji na blanketi, ziweke mbali na gesi, jiko na mshumaa.

Sasa maiki

Kuna aina mbili kubwa. Kondensa huskia kila kitu kwa undani. Ni tamu kwa chumba kilichotulia, lakini kwa mtaa wenye kelele itakuletea hata mbwa wa ploti ya pili. Dainamiki huskia zaidi kile kiko karibu yake. Kwa keja nyingi za Nairobi, dainamiki ndio salama.

Chunga hii: zile kondensa za bei ya chini kama BM-800 hufanya kazi vizuri zikipata umeme wa volti 48 kutoka kwa intafesi. Ukiichomeka moja kwa moja kwa laptopu utapata sauti hafifu yenye “shhhh” nyingi, halafu utadhani umeuziwa feki.

Bei hupanda na kushuka, kwa hivyo chukua hii kama mgawanyo wa doh yako, si orodha ya duka.

Bila doh: simu uliyo nayo, kabati la nguo na duveti. Weka simu kwa stendi ama juu ya vitabu, usiishike na mkono. Rekodi na programu inayotoa faili ya WAV.

Thao tatu: maiki ya kubana kwa shati yenye waya, kama Boya BY-M1, na blanketi moja nzito. Hii maiki huskia pande zote, kwa hivyo blanketi si hiari. Kama simu yako haina tundu la hedifoni, nunua adapta kwanza uijaribu hapo dukani.

Thao kumi: tatu ziende kwa chumba, tano kwa maiki ya dainamiki, mbili kwa hedifoni zinazofunika sikio lote. Ukiona Samson Q2U ya mkono wa pili, iangalie vizuri. Inaingia kwa USB leo, na kesho ukinunua intafesi bado itaingia.

Zaidi ya hapo: intafesi ndogo kama Behringer UM2, maiki ya waya kama Behringer XM8500, na stendi imara. Kabla ulipe, rekodi dakika moja hapo dukani na usikize kwa hedifoni zako.

Kurekodi

Kaa upana wa kiganja kilichofunguliwa kutoka kwa maiki, yaani sentimita 15 hadi 20. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako huongezeka karibu desibeli 6 mbele ya kelele ya chumba, na hulipi kitu. Ukikaribia sana nayo, utaskika mzito kupita kiasi.

Herufi P na B hurusha pumzi inayogonga maiki “puf!” Nyoosha stokingi juu ya waya wa hanga uliokunjwa duara, uiweke katikati. Pia geuza maiki kidogo pembeni ndio pumzi ipite kando.

Weka kiwango ndio ukibonga kwa nguvu kilele kiwe kati ya desibeli -12 na -6. Kikifika 0 sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki. Mwanzoni nyamaza sekunde tano. Huo ukimya utaufanyia kazi baadaye. Ukikosea, piga kofi, rudia sentensi nzima, endelea. Kofi litaonekana kama mlima kwa skrini na utajua pa kukata.

Kusafisha na kutuma

Audacity ni ya bure kwa kompyuta. Kwa simu kuna BandLab. Fuata mpangilio huu: kata makosa, toa mngurumo wa chini ya hezi 80, punguza kelele kwa kutumia ule ukimya wa mwanzo, kisha sawazisha sauti. Kupunguza kelele ni kama chumvi. Ukizidisha unaanza kubonga kama roboti yuko chini ya maji. Mwangwi nao hautoki vizuri na programu za kawaida, ndio maana tulianza na blanketi.

Unataka kujua kama umefika kiwango cha kimataifa? Tumia vipimo vya ACX, mtandao wa Amazon wa vitabu vya kusikiliza: wastani wa sauti kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisipite -3, na ukimya wa chumba usipite -60. ACX yenyewe huchukua wasee wanaoishi Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland, lakini vipimo vyake ni rula nzuri hata ukiwa Umoja ama Kawangware. Ukifika -60 ndani ya bedsita, mteja hatajua unaishi wapi.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama ujumbe wa sauti, programu inaikamua, na kazi yote ya blanketi inaenda na maji. Andika jina lako na lugha kwa jina la faili, kwa sababu “sauti mpya 3 final” hakuna mtu huikumbuka.

Kabla utume, sikiza mara tatu: kwa hedifoni, kwa spika ya simu, na asubuhi ukiwa umelala. Kitu kikikukera mara zote tatu, mteja pia kitamkera. Rudia. Blanketi bado ziko hapo, na kurekodi tena ni bure.