Mapya Yaende Nyuma

Mwaka jana, posho yangu ya masomo ilipoingia, nilimwahidi mjomba kwamba nitamnunulia matairi manne. Dukani nikagundua fedha yangu inatosha manne ya bei ya chini au mawili ya jina kubwa. Nikachagua mawili ya jina kubwa, nikiamini nimetumia akili. Fundi akaniuliza yakae wapi. Nikasema mbele. Naye aliniunga mkono: mbele ndiko kwenye injini, ndiko kwenye usukani, na tairi la mbele likipasuka gari linakushinda. Nyuma yakabaki mawili ya bei ya chini, yaliyokwishaanza kuisha meno.

Wiki mbili baadaye, masika yakiwa yamepamba moto, tulikuwa tunatoka Moshi kwenda Arusha, mimi nikiendesha na mjomba akiwa pembeni. Kwenye kona za kushukia Mto Kikafu niliona nina mwendo mkubwa kidogo, nikainua mguu kwenye mafuta. Breki sikuigusa. Nyuma ya gari ikaniponyoka, tukazunguka, tukasimama katikati ya barabara tukitazama kule tulikotoka. Basi lililokuwa likitufuata lilisimama hatua chache mbele ya boneti yetu. Kondakta alishuka akatutukana vizuri, kisha akatusaidia kusukuma gari pembeni.

Mjomba alilizunguka gari kwenye mvua, akainama nyuma, akainama mbele.

"Mjomba," akaniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo, "nani kakwambia mapya yanakaa mbele?"

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Yeye aliishia darasa la saba, lakini alifanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha matairi cha Arusha. Palepale, kwa jeki moja na tairi la spea, tulihamisha mapya nyuma na makuukuu mbele. Kiwandani, alisema, walifundishwa hivyo: mawili yenye mshiko zaidi hukaa nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Niliitikia tu kwa heshima. Moyoni sikumwamini, na niliporudi chuoni nikaanza kutafuta kanuni hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka katika enzi ambayo aina mbili za tairi zilikutana kwenye gari moja. Tangu tairi la upepo lianze kushika soko, baada ya John Boyd Dunlop kusajili hataza yake mwaka 1888, nyuzi za ndani ya mpira zilikuja kupangwa kwa mshazari, tabaka moja likipishana na jingine kama mkeka. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili hataza ya tairi la namna nyingine. Nyuzi zake zilikwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na chini ya meno ukapita mkanda wa waya za chuma. Lilitoka rasmi mwaka 1949 kwa jina la X, na ndilo tunaloliita leo radiali. Ubavu wake ulijikunja bila kuvuruga uso unaokanyaga lami, kwa hiyo lilishika barabara vizuri zaidi kwenye kona na lilichelewa kuisha. Lilikuwa pia ghali kuliko la zamani.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtu mwenye gari la kawaida miaka hiyo. Matairi yako mawili yamekwisha, mawili bado yana maisha. Utatupa yote manne ili ununue seti nzima ya radiali? Jibu naliona kwenye sheria ya Uingereza. Kanuni zao za magari zinakataza kuchanganya radiali na la mshazari kwenye ekseli moja. Zinakataza pia, kwa gari la kawaida, kuweka radiali mbele na la mshazari nyuma. Kinyume chake, la mshazari mbele na radiali nyuma, hazikukikataza. Sisi wanafunzi wa historia hufundishwa kusoma makatazo kwa jicho hilo: sheria haihangaiki kukataza jambo ambalo hakuna anayelifanya.

Sababu ya kanuni hiyo niliiona kwa macho yangu pale Kikafu bila kuielewa. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari hukataa kona na kunyoosha. Linatisha, lakini dereva yeyote atainua mguu kwenye mafuta, uzito utasogea mbele, na mara nyingi mshiko hurudi. Ya nyuma yakiteleza, kitendo kilekile cha kuinua mguu huyapunguzia uzito yanapouhitaji zaidi, na gari huzunguka. Hofu ya kawaida ya binadamu huponya kosa la mbele na huzidisha kosa la nyuma. Ndiyo maana pia kuchanganya kushoto na kulia ni kubaya: ukikanyaga breki, upande mmoja unashika, mwingine unasitasita, na gari linavutwa kando.

Mtu anaweza kusema hayo yamepitwa na wakati, kwa kuwa matairi ya magari madogo dukani leo karibu yote ni radiali. Ila tofauti imehamia ndani ya mpira wenyewe. Tangu miaka ya 1990 makampuni makubwa yamekuwa yakichanganya silika kwenye mpira ili ushike vizuri lami yenye maji bila kuongeza mzigo wa mafuta. Tangu Novemba 2012 Umoja wa Ulaya unadai kila tairi jipya la gari dogo liwe na lebo inayoonyesha daraja lake kwenye barabara yenye maji. Matairi mawili yenye ukubwa uleule na umbo lilelile yanaweza kutofautiana kwa mita nyingi kabla gari halijasimama. Kwa macho huwezi kujua. Ukavu wa Januari huficha tofauti hiyo, masika huifichua.

Hapo ndipo nilipoanza kukitazama upya kiwanda cha mjomba. General Tyre East Africa ilianzishwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na ikaanza kuzalisha mwaka 1971. Serikali ilikuwa na asilimia 74 ya hisa, na asilimia 26 zilikuwa za mbia wa Marekani, General Tire, ambayo mwaka 1987 ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani. Kiwanda kilikuwa na mashamba yake ya mpira, Kihuhwi huko Muheza na Kalunga huko Kilombero. Uzalishaji ulisimama mwaka 2007. Mjomba akarudi nyumbani na kiinua mgongo kilichotosha gari moja kuukuu la teksi.

Tunapoandika kuhusu viwanda vya umma vilivyokufa, huwa tunahesabu ajira, mikopo na mashine. Nami nilikuwa nikiandika hivyo. Sikuwahi kuhesabu kwamba mamia ya watu waliojua tairi kwa ndani walitawanyika wakawa madereva, wakulima na walinzi, na hakuna aliyewauliza kitu. Ujuzi uliokuwa ukifundishwa kiwandani ukaachwa kwa wauza duka na mafundi wa pancha, ambao hawakuwahi kufundishwa. Mimi mwenyewe nilikaa na mmoja wa watu hao kwenye meza moja ya chakula tangu utotoni, na siku ya kununua matairi sikumuuliza.

Juzi nilirudi kwa yule fundi nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akacheka.

"Kaka, mteja akija na mawili mapya, yakae mbele ninafungua magurudumu mawili. Ukitaka yakae nyuma na ya nyuma yaje mbele, ninafungua manne. Nani atalipa?"

Nilimlipa. Kisha tukachuchumaa pamoja nikamwonyesha tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Yale ya mbele kwenye gari la mjomba moja ni la 2016 na jingine la 2019, la mitumba kutoka ng'ambo. Fundi akainuka, akaenda kwenye lundo lake la matairi ya kuuza, akaanza kuyageuza moja moja akisoma.