Kiini cha nne cha bure

Februari 2009 kampuni ya AMD ilitoa prosesa iitwayo Phenom II X3 720, yenye viini vitatu na kasi ya gigahezi 2.8, kwa bei ya dola 145. Haikuwa bidhaa ya kumkosesha mtu usingizi. Wanunuzi wake walikuwa wale wanaojiundia kompyuta nyumbani huku wakihesabu kila senti. Lakini kabla mwezi haujaisha, habari zilivuma kutoka Korea Kusini: watu wameiweka prosesa hiyo kwenye bodi mama ya Biostar yenye chipseti ya 790GX, wakaingia kwenye BIOS, wakawasha kipengele kimoja tu, na kompyuta ikaamka ikiwa na viini vinne.

Kipengele chenyewe kiliitwa Advanced Clock Calibration, kwa kifupi ACC. AMD walikiweka kwenye chipu ya bodi mama iitwayo SB750 mwaka 2008 kwa kazi nyingine kabisa. Phenom za kizazi cha kwanza zilikuwa nzito kupandishwa kasi, na ACC ilizisaidia kupata megahezi mia mbili tatu za ziada. Phenom II haikuwa na haja ya msaada huo. Cha ajabu, ACC ilipowashwa mbele ya prosesa hiyo mpya, amri ya kiwandani iliyosema kiini fulani kilale ilipuuzwa. Mlango ulifunguliwa na ufunguo uliotengenezewa nyumba nyingine, na waliotengeneza ufunguo na kitasa ni haohao.

Kwa nini kiwanda kitengeneze kiini kisha kikifunge? Phenom II zilichongwa Dresden, Ujerumani, kwa teknolojia ya nanomita 45. Kila kipande cha silikoni, kilichopewa jina la Deneb, kilikuwa na ukubwa wa milimita za mraba 258, transista milioni 758, kache ya megabaiti 6 na viini vinne. Vipande vingi huchongwa kwa pamoja kwenye kisahani kimoja, na kasoro ndogo isiyoonekana kwa macho yatosha kuharibu sehemu ya kipande. Ikiangukia kiini kimoja, vitatu vilivyobaki ni vizima. Kutupa kipande kizima kwa ajili ya kiini kimoja ni hasara, kwa hiyo kiini kibovu kinazimwa na kipande kinauzwa kwa jina la X3. Viini viwili vikizimwa kinakuwa X2. Ni kupanga madaraja, kama kahawa inavyopangwa AA na AB.

Hapo ndipo biashara inapoingia. Kadiri kiwanda kinavyozoea kazi, kasoro hupungua, lakini wateja wa bei ya chini hawapungui. Ikifika siku vipande vibovu havitoshi kujaza maboksi ya X2 na X3, njia iliyobaki ni kuchukua vipande vizima, kuvizima viini na kuviuza kwa bei ndogo. Basi mnunuzi wa X3 alikuwa amebeba mojawapo ya vitu viwili: kiini kilichofungwa kwa sababu ni kibovu, au kiini kisicho na tatizo lolote ila soko lilikihitaji kilale. Kwa kutazama, hakuna aliyeweza kutofautisha.

Mchezo huu una umri. Mwaka 1991 Intel walitoa 486SX, ambayo mwanzoni ilikuwa 486DX ileile iliyozimwa kitengo cha hesabu za desimali. Mteja aliyetaka kitengo hicho baadaye aliuziwa chipu ya pili, 487SX, ya kuchomeka kwenye soketi ya pembeni. Chipu hiyo ilikuwa prosesa kamili. Ikishachomekwa, ilichukua kazi zote na kuifanya ya zamani ikae bure. Sijui kama kuna mfano bora kuliko huo wa mtu kulipia kitu kimoja mara mbili.

Kisha ikaja Celeron 300A ya mwaka 1998, iliyokubali kukimbia kwa megahezi 450 badala ya 300 kwa kupandisha tu kasi ya njia yake ya data kutoka 66 hadi 100. Mwaka 2000 ilikuwa zamu ya penseli. Athlon na Duron za AMD, za soketi mpya ya wakati ule, zilikuwa na vidaraja vidogo vya metali juu ya kifuniko chao cha kauri, na kiwandani vidaraja vya kundi lililoitwa L1 vilikatwa kwa leza ili mtumiaji asiweze kubadili kizidisho cha kasi. Risasi ya penseli hupitisha umeme. Mtu alichonga penseli, akainama juu ya prosesa chini ya taa, akasugua mstari mwembamba kuunganisha kila daraja bila kugusa la jirani, na kizidisho kikawa huru. Akikosea, alifuta kwa kitambaa na kuanza upya. Athlon XP ilipotoka mwaka uliofuata, leza ilikuwa inachimba shimo kati ya ncha mbili za daraja, na penseli ikakosa pa kukanyaga. Watu wakajaza mashimo kwa gundi na kupaka rangi yenye fedha juu yake.

Kulinganisha na mambo hayo, ACC ilikuwa starehe. Juni 2009 ilitoka Phenom II X2 550, viini viwili vya gigahezi 3.1 kwa dola 102, na ndani yake Deneb ileile yenye kache yake yote. Wakati huo X4 955, iliyotangazwa Aprili kwa dola 245, ndiyo iliyokuwa juu ya safu. Ukibahatika, dola 102 zilikupeleka hatua chache tu nyuma yake. BIOS ilipokubali, skrini ya kuwasha iliandika jina ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote ya bei: Phenom II X4 B50. Ile 720 ikiamka na kiini chake cha nne ilijiita X4 20. Hata Sempron 140, prosesa ya kiini kimoja, iliweza kuamka na viini viwili na kujiita Athlon II X2 4400e.

Watengenezaji wa bodi walifurahi kuliko wote. Prosesa si yao, hasara si yao, na tundu hili liliwapa sababu ya kuuza. AMD walipotoa chipu ya SB850 mwaka 2010 bila ACC, wengi wangedhani mambo yameisha. ASUS wakaja na Core Unlocker, ASRock wakaja na UCC, MSI na Gigabyte nao wakaweka njia zao kwenye BIOS. Kilichoanza kama utundu wa watu wachache kikawa maneno ya kupendezesha boksi dukani.

Boksi halikusema kwamba kufungua kiini ni kazi ya dakika moja, na kujua kama kiini hicho kinafaa ni kazi ya usiku mzima. Windows ikionyesha grafu nne badala ya mbili, wengi walipiga picha wakaenda kulala. Waliojua kazi ndipo walipoanza. Kwanza walipima RAM peke yake kwa Memtest86+, viini vikiwa bado vimefungwa, kwa sababu kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa hiyohiyo na kosa la RAM hufanana sana na kosa la kiini. Halafu waliwasha viini na kuingiza Prime95, programu iliyoandikwa kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa. Programu hiyo hupiga hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, kila kiini na hesabu zake, na kulinganisha. Saa inapita, saa mbili. Ghafla dirisha la tatu linasimama na ujumbe kwamba ukadiriaji wa namba umefika 0.5 pale ilipotakiwa ubaki chini ya 0.4. Mengine matatu yanaendelea kama kawaida. Sasa unajua nani mgonjwa.

Dawa hazikuwa nyingi. Kupandisha volteji kidogo, tuseme kutoka 1.35 hadi 1.40, kulikisaidia kiini dhaifu lakini si kibovu. Kushusha kasi kulisaidia pia, ingawa kulipunguza faida. Bodi nyingi ziliruhusu kuzima kiini kimojakimoja, na wapo walioishi kwa furaha na X2 iliyogeuka X3. Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, ilibidi kufungua kasha, kuchomoa betri ndogo ya mviringo au kuhamisha jampa ya kufuta BIOS, na kuanza mwanzo.

Joto lilileta kero yake. Viini vilipofunguliwa, vipimajoto vya ndani ya prosesa viliacha kusema kweli, mara nyingi vikionyesha sifuri. Mtu alibaki kutegemea kipimo cha bodi chini ya soketi, ambacho huchelewa na kudanganya kidogo. Wakati huohuo prosesa ya wati 80 ilikuwa inanyonya umeme kama ya wati 125, kwenye bodi ya bei rahisi ambayo transista zake za kugawa umeme hazikuwa hata na kipande cha alumini cha kupozea. Pawa saplai isiyo na jina ikiongezewa hapo, lawama zote ziliangukia kiini cha nne hata kama hakikuwa na kosa.

Mimi naogopa kiini kinachokosea kimyakimya kuliko kinachoangusha mashine. Skrini ya buluu ni ya kweli: imekwambia kuna shida. Kiini kinachokosea mara moja katika hesabu mabilioni kitakuachia faili lililobanwa ambalo halifunguki miezi sita baadaye, au video yenye mikwaruzo katikati, na hutakumbuka kukishuku. Ule upimaji wa kiwandani, ambao watu waliudhihaki kuwa kisingizio cha kupandisha bei, ulikuwa sehemu ya bidhaa. Aliyenunua 955 alilipia viini vinne na usiku ambao hakuhitaji kukesha. Aliyenunua 550 alikesha mwenyewe, na kwa mwanafunzi mwenye muda na asiye na pesa, hiyo ilikuwa biashara nzuri kabisa.

Dokezo kwa anayenunua mtumba: ukiwasha mashine ya zama hizo ikajitambulisha kwa jina la B50 au B55, imefunguliwa. Ukibadili betri ya bodi na ghafla ikawa ya viini viwili, hujaibiwa. Mipangilio ya BIOS imefutika tu.

Mafanikio ya mwisho makubwa yalikuwa X4 960T, iliyochongwa kutoka kipande cha viini sita kilichoitwa Thuban, na wengi walivipata vyote. Oktoba 2011 ilikuja FX, familia mpya ya AMD, na safari hii kufuli halikuwa la kuchezewa na BIOS.

Intel nao walikuwa wameonja upande wa pili wa wazo hilo. Mwaka 2010 waliuza Pentium G6951 pamoja na kadi ya dola 50: unakwangua, unaingiza namba, programu inafungua kache na nyuzi za kazi zilizokuwa zimelala ndani ya chipu uliyokwisha kuinunua. Watu walikasirika, na mwaka 2011 mpango ukafungwa. Ulirudi kwa jina la Intel On Demand kwenye prosesa za Xeon zilizozinduliwa Januari 2023. Safari hii wateja walikuwa wenye vituo vya data, na vilivyofunguliwa kwa malipo vilikuwa vitengo maalumu vya kuharakisha kazi.