Merikani, Kiltex na vitambaa vya makochi



Wiki iliyopita mhariri alinipa kazi ya ukurasa wa nyumba na familia: namna ya kupamba sebule kwa pesa kidogo. Niliifanya, ikatoka maneno mia tatu na picha moja ya mto. Lakini yaliyobaki kwenye daftari yalikuwa matamu kuliko yaliyochapishwa, na blogu tumeanzisha za nini kama si kwa ajili ya mabaki ya daftari?

Haya. Ingia duka la vitambaa hapa mjini, omba merikani. Muuzaji atavuta jora la pamba nzito, rangi ya maziwa yaliyolala, na kuuliza unataka mita ngapi. Ndiyo hiyo mama zetu waliyoidarizi maua na ndege na maneno ya kumkaribisha mgeni, ikatandikwa mgongoni mwa kochi, juu ya redio, na baadaye juu ya televisheni. Fundi mmoja wa barazani niliyekwenda kumhoji, mama wa makamo mwenye cherehani ya miguu, aliniuliza, "Mwanangu, umesoma mpaka chuo kikuu, hujui kwa nini inaitwa hivyo?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, nimekuja kukuuliza wewe." Akacheka, akaendelea kukanyaga.

Inaitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani. Mwaka 1833 Seyyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mwaka 1837 Wamarekani wakafungua ubalozi mdogo Zanzibar, na konseli wao wa kwanza, Richard Waters, alikuwa mfanyabiashara wa Salem, mji wa bandari ulioko Massachusetts. Meli za Salem zilileta vitambaa kutoka viwanda vya kule kwao, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pamba ya viwanda hivyo ilikuwa ikilimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Nikiwa Mlimani tulisoma biashara ya utumwa katika somo moja na biashara ya nguo katika somo jingine, sijui nani aliamua kuzitenganisha.

Merikani ilipendwa kwa sababu ilikuwa imara, ikifuliwa haichakai haraka. Ikawa ndiyo pesa ya bara. Misafara iliyotoka Pangani kupanda kuelekea Kilimanjaro na Umasaini ilibeba vitambaa, shanga na nyaya, na mpagazi, mchifu na muuza chakula wote walilipwa kwa mikono na doti. Wakazi wa huku Meru waliokuwa wakivaa ngozi walianza kuiona nguo ya pamba kwa njia hiyo. Halafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ikakata mzigo. Viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikaziba pengo kwa kuiga kitambaa kile kile. Jina likabaki. Merikani unayonunua leo inaweza kuwa imefumwa popote pale duniani.

Kwenye kupamba nyumba tuwataje wamisionari. Walutheri wa Leipzig walianza vibaya hapa: wawili wao, Ovir na Segebrock, waliuawa Meru mwaka 1896. Wenzao wakarudi na kujenga Nkoaranga mwaka 1902, kisha Ilboru mwaka 1904, na Wajerumani walikuwa tayari wameshasimamisha boma lao Arusha, lile ambalo sasa ni makumbusho. Pamoja na vitabu vya dini ilikuja sindano. Msichana wa shule ya misheni alifundishwa kushona, kudarizi na kufuma, na baadaye shule za serikali zikaliita somo hilo sayansi kimu. Nyumba ya pembe nne yenye madirisha ilihitaji mapazia. Nyumba ya zamani ya msonge haikuwa na dirisha la kuvalisha, kwa hiyo pazia ni geni kuliko tunavyodhani. Kuna wanaocheka vitambaa vya makochi kwamba ni ushamba. Mimi naona ilikuwa elimu ya pekee ambayo wasichana wengi waliruhusiwa kuondoka nayo shuleni na kuigeuza kuwa pesa.

Sasa tuje tunapopajua. Baada ya uhuru Arusha ikawa mji wa nguo. Sunflag ilianza mwaka 1965, A to Z mwaka 1966, na Kiltex, iliyokuja kuwa shirika la umma, ilikuwa na kiwanda hapa na kingine Dar es Salaam. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka tujitegemee, na kitambaa kilikuwa mfano rahisi: pamba tunalima wenyewe, kwa nini tuisafirishe ikiwa robota na kuinunua ikiwa shati? Urafiki ikafunguliwa Dar mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwanza wakawa na Mwatex, Musoma wakawa na Mutex.

Mimi sikuyaona hayo, nimezaliwa mambo yameisha. Mama yangu aliyaona. Anachokumbuka zaidi ni foleni. Baada ya vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, fedha za kigeni ziliisha, viwanda vikakosa vipuri na umeme, maduka ya RTC yakabaki na rafu. Anasema kipande cha kitenge kilikuwa habari ya mtaa mzima. Shuka likichanika katikati lilikatwa mara mbili, ncha zilizokuwa pembeni zikaunganishwa kuwa katikati, likatumika miaka mingine. Likichoka tena likawa pazia la jikoni, kisha nepi, kisha tambara la kudekia.

Mwaka 1984 serikali ililegeza: mwenye fedha zake nje akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Mitumba ikaingia kwa wingi, watu wakaiita kafa Ulaya. Kwa mtu aliyevaa viraka miaka mitano ilikuwa neema, tusijifanye. Lakini Kiltex haikuweza kushindana na nguo ya kugawiwa bure huko ilikotoka, na ilikuwa na magonjwa yake mengine ya mashirika ya umma. Miaka ya 1990 mashine zikanyamaza. A to Z ilishika njia nyingine: kuanzia 2003 ilitengeneza vyandarua vyenye dawa vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Kijapani, Sumitomo Chemical, vikatundikwa juu ya vitanda sehemu nyingi za Afrika.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapa hapa Arusha na kukubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 ikatishia kutupitia upya katika AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikarudi. Rwanda ilikataa, na mwaka 2018 ikasimamishwa kuuza nguo kwa mpango huo. Miaka 180 na ushee baada ya mkataba wa Seyyid Said, kitambaa cha Marekani bado kilikuwa na nguvu ya kutosha kubadili uamuzi wa marais.

Nilipomuuliza yule mama fundi kama mitumba inamuumiza, alinionyesha alichokuwa anashona: pazia la mtumba, refu mno kwa madirisha yetu, analikata na kulipiga pindo. Nusu ya kazi zake, alisema, ni kufupisha mapazia ya Ulaya.

Basi turudi kwenye ule mto, maana kuna aliyekuja hapa kutafuta ushonaji. Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40 huhitaji zipu. Kata kitambaa upana sm 43, urefu sm 100. Piga pindo la sm 2.5 kwenye kila ncha fupi. Weka upande mzuri juu, kunja ncha zote mbili kuelekea katikati zipandane sm 15, ubaki na sm 40 za urefu, kisha shona pande mbili zilizo wazi, sm 1.5 kutoka ukingoni. Geuza, ingiza mto. Merikani ioshe kwanza kwa maji ya moto, inarudi. Upande mmoja wa kanga yenye sm 150 kwa 110 unatoa foronya tatu, lakini soma jina kabla ya kutia mkasi. Ukikata hovyo, usemi unagawanyika mito mitatu, na mgeni atakalia neno la katikati bila kujua anasemwa nini.