Mtoto Aliyekuja Maktabani Peke Yake: Kanuni Imbane Nani?

Maktaba nyingi za umma katika nchi tajiri zimejiwekea kanuni inayofanana: mtoto aliye chini ya umri fulani haruhusiwi kuwamo bila mtu mzima wa kumwangalia. Umri hutofautiana kutoka mji hadi mji, lakini hoja ni moja, kwamba mkutubi si yaya na jengo la umma huingiwa na kila mtu. Hoja hiyo ina ukweli. Ninachopinga ni kuihamishia kanuni hiyo Dar es Salaam au Nairobi kama ilivyo, kwa sababu huku itamfungia mlango mtoto anayeihitaji maktaba kuliko wote, na wala haitamzuia yule tunayemhofia.

Mtoto huyo huja alasiri, shule ikishatoka, akiwa bado na sare. Huja na wenzake wa mtaa mmoja, au peke yake. Kwao ni chumba kimoja cha kupanga. Meza ya kuandikia hakuna, mama yuko gengeni na baba bado yuko kwenye bodaboda. Ukimdai aje na mzazi, umemwambia asije. Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyo mashariki mwa Nairobi, yamezungukwa na makazi ya watoto wa namna hii. McMillan yenyewe ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu, na Waafrika waliwekwa nje yake hadi ukoloni ulipokaribia kukoma. Maktaba yenye historia hiyo haina budi kujihadhari sana kabla ya kuweka sharti jipya la kuingilia.

Kisha kanuni yenyewe huvunjika mara tu inapokutana na malezi yetu. Msichana wa miaka kumi aliyekuja na mdogo wake wa miaka minne, je, ameandamana na mlezi au yeye ndiye mlezi? Nyumbani jibu liko wazi: dada ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye ajuaye analilia nini. Malezi hayo ni ya kweli na hayastahili kubezwa. Lakini dada akishazama kitabuni, na hicho ndicho alichokifuata, mdogo wake ameshafika ngazini. Wote wawili ni watoto, na wote wawili wanahitaji jicho la mtu mzima ambaye kazi yake siku hiyo ni kuwaangalia.

Hatari kubwa, hata hivyo, si ngazi. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Tanzania Bara, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na mahali palipotajwa zaidi ni nyumbani kwa mtu, shuleni, au njiani kwenda na kurudi shule. Takwimu hizi hazihusu maktaba, lakini zinabomoa dhana ambayo kanuni ya mlezi imejengwa juu yake. Kuwepo kwa mtu mzima hakumlindi mtoto kwa kuwepo tu. Shuleni wapo watu wazima, na nyumbani pia.

Kwa hiyo anayepaswa kubanwa na kanuni ni mtu mzima. Baadhi ya maktaba za Marekani zimekwisha kufanya hivyo: mtu mzima asiye na mtoto haruhusiwi kukaa katika chumba cha watoto, hata kama amefuata kiti tu. Kanuni hiyo ndiyo ya kuazima. Mfanyakazi, mwalimu wa tuisheni au mtu wa kujitolea asibaki na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, jambo linalomlinda hata mfanyakazi mwaminifu. Mfadhili aliyeleta vitabu asipige picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Sare inayoonekana pichani pekee inatosha kumweleza mtu asiyejulikana mtoto huyo anasoma shule gani. Rafu za chumba cha watoto ziwe fupi, meza ya mkutubi ielekee mlango, na kompyuta za watoto zikae mahali vioo vyake vinapoonekana na wote.

Nitaambiwa wakutubi ni wachache, na ni kweli. Mahali mtu mmoja anahudumia vyumba viwili, naona heri chumba cha watoto kifunguliwe kwa saa tatu zenye msimamizi kuliko saa tisa zisizo na mtu, ingawa najua uamuzi huo utawaumiza watoto wanaoweza kuja nje ya saa hizo tu.

Upande wa sheria pana pengo linalozibika. Sheria iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ni ya mwaka 1975. Sheria ya Mtoto ilikuja mwaka 2009. Hii ya pili inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake, na mkutubi hajasamehewa wajibu huo. Basi aelekezwe kwa maandishi: ni lini apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni lini aende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na nani ofisini aarifiwe kwanza. Wajibu wa mzazi unabaki palepale, na kadi ya uanachama ya mtoto iwe na namba ya simu ya nyumbani inayopatikana.

Namba hiyo itahitajika hasa wakati wa kufunga. Katika ukanda wetu giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili jioni, na mtoto aliyetolewa nje saa hiyo anasubiri daladala gizani. Watoto waagwe mapema, kukiwa bado na mwanga, na ambaye hajafuatwa asiachiwe mlinzi wa getini. Wafanyakazi wawili wabaki naye, nyumbani kwao pakipigiwa simu, na muda huo wa ziada uhesabiwe katika posho zao.