Mizani na Shahidi Wake: Kutoka Soko la Nyangwe Mpaka Masoko Yetu

Kila mtu anayekwenda soko huku kwetu Kivu anajua maneno haya: « Mama, jaza muzuri! Uniongeze kidogo! » Mama muuzaji anajaza kopo la Guigoz mpaka maharagwe yanafanya kilima, halafu anatupa konzi moja juu. Njo nyongeza. Wengi wanafikiri ni desturi ya urafiki tu. Kumbe ni pia ukaguzi wa zamani: mnunuzi anakagua kipimo kwa macho yake mwenyewe. Akiona kopo limegongwa chini ili lipunguke, anakwenda kwa mama mwingine.

Tukumbuke Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika Maniema. Livingstone alipofika huko mwaka 1871 alikuta soko kubwa la wanawake, na samaki, chumvi, vyungu, mafuta ya mawese. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameleta vipimo vyao. Pembe za tembo zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16. Nguo zilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole: mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti. Lakini mkono wa nani? Mnunuzi alitaka mtu mrefu apime, muuzaji alitaka mfupi. Wakabishana mpaka wakapatana. Kipimo hakikuwa sawa kila mahali, lakini pande zote mbili zilikiona.

Tusisifu mambo ya kale kupita kiasi. Ni katika soko hilohilo, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki kati ya wanawake. Livingstone aliandika kwamba waliokufa walikadiriwa kuwa 330 mpaka 400. Bunduki ikiingia sokoni, hakuna tena mapatano ya kipimo.

Kisha akaja Bulamatari. Wakati wa Leopold II (1885–1908), katika nchi za raba, mwanakijiji alileta kikapu chake posti na mzungu akakipima. Kikipunguka, fimbo. Baadaye, mwaka 1910, koloni ya Wabelgiji ikafanya mita na kilo kuwa vipimo vya lazima. Mwaka 1917 yakaja mazao ya lazima, na Maniema ilikuwa kati ya nchi za kwanza kulima pamba. Mkulima alibeba mzigo kichwani mpaka mahali pa kununulia. Bei ilikuwa imepangwa na serikali, mizani ilikuwa ya mnunuzi, na hesabu ilisomwa na karani. Mkulima asiyejua kusoma tarakimu alipokea franka zake akarudi nyumbani.

Si kwamba kilo ni kitu kibaya. Kilo ya Kasongo ni sawa na kilo ya Bruxelles, na hiyo ni faida ambayo mkono wa mtu hauwezi kutoa. Ubaya ni kwamba tulipewa kipimo bila kupewa njia ya kukihakikisha. Bibi yangu alizoea kuita mizani « kinywa ya muzungu »: inasema, weye unanyamaza.

Ndiyo maana sheria za nchi nyingi zinaagiza mizani ya biashara ikaguliwe kila baada ya muda. Chuma kinachakaa. Katika mizani ya mkono, ule ukingo mkali unaobeba mtambo unalika kidogo kidogo. Katika mizani ya springi, springi inachoka. Vumbi na kutu vinaingia. Mizani iliyokuwa ya haki mwaka jana inaweza kudanganya leo bila mwenyewe kujua. Mkaguzi anakuja na mawe ya mizani yaliyohakikishwa. Anatazama kwanza kama mizani tupu inasimama kwenye sifuri. Anaweka jiwe moja, anaongeza mengine. Analihamisha jiwe toka pembe moja ya sahani mpaka nyingine, na hesabu isibadilike. Mwishoni anatia alama.

Kwetu, kati ya kazi za Office Congolais de Contrôle (OCC), iliyoundwa mwaka 1974 kwa jina la OZAC, mna kuhakikisha vyombo vya kupimia. Lakini tuseme ukweli: kwenye machimbo mengi dhahabu imepimwa kwa vijiti vya kibiriti na sarafu za zamani. Na mjomba wangu alipima gunia lake la maharagwe kijijini, kilo 98; kufika mjini, mizani ya mnunuzi ikasema 91. Alama ya ukaguzi ilikuwepo. Mjomba akauliza: « Hii alama, nani aliona wakiitia? »

Swali lake ni zito kuliko zile kilo 7. Mkaguzi akiingia ofisini kwa muuzaji, mlango ukafungwa, kisha akatoka na karatasi, watu wanaona kodi tu. Lakini afanye kazi yake sokoni, siku ya soko, mawe yakipandishwa mbele ya akina mama na wakulima, kila mtu asome mwenyewe. Hapo sheria ya leo itakutana na desturi ya wababu zetu, ambao hawakukubali kipimo wasichokiona. Siku hiyo mnunuzi ataomba nyongeza kwa urafiki tu, si kwa woga wa kuibiwa.