Nani Alimwogopa Mzee Punch?

Tarehe 7 Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai. Alikuwa ameandamwa kingono na wanafunzi wenzake wa kiume. Na nyuma ya yote hayo kulikuwa na jina ambalo kila mtu pale Mlimani alilijua, ila hakuna aliyekubali kuwa ni lake: Mzee Punch.

Kama wewe ni wa rika langu na umesomea Kenya, huenda hujawahi kulisikia. Mimi nililipata nikitafuta kitu kingine. Nilitaka kujua vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vilianza lini kuandika sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Nilitarajia kupata tarehe na majina ya kamati. Nikakuta ukuta.

Mzee Punch hakuwa mtu mmoja. Alikuwa desturi. Usiku, watu wasiojulikana walibandika michoro na maandishi kwenye kuta na mbao za matangazo za chuo, na asubuhi wanafunzi walikusanyika kusoma. Hapo mwanzo kejeli hizo ziliwachoma hata wakubwa wa chuo na wanasiasa, na ndiyo maana baadhi ya waliopita Mlimani bado humkumbuka Mzee Punch kwa kicheko. Lakini kufikia miaka ya 1980, kalamu hiyo ilikuwa imewageukia wanawake. Msichana aliyekataa kutongozwa alichorwa. Aliyeonekana kujidai alichorwa. Aliyethubutu kugombea nafasi ya uongozi au kusema sana darasani naye alijua zamu yake inaweza kufika. Mchoro ulikuwa wa matusi ya nguoni, jina likiwa wazi, na msanii hana sura.

Hebu tutulie hapa kidogo, kwa sababu ni rahisi kudhani silaha ya Mzee Punch ilikuwa ule mchoro. Karatasi huchanika. Silaha yenyewe ilikuwa kile kilichofuata. Aliyechorwa alitengwa. Ukionekana unatembea naye, unakula naye, unacheka naye, wewe ndiye wa kesho ukutani. Basi marafiki walianza kuwa na haraka. Kiti cha pembeni yake kikabaki wazi. Hakuna aliyeamrishwa rasmi kumkimbia. Kila mtu alijipigia hesabu zake mwenyewe, na hesabu zote zikatoa jibu moja. Kazi kubwa ya Mzee Punch ilifanywa na watu ambao hawakuwahi kushika kalamu.

Na kulikuwa na methali tayari ya kuwasaidia: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ukitaka kujua jinsi hekima ya wahenga inavyoweza kugeuzwa rungu, mfikirie msichana wa miaka 20 anayesomewa methali hiyo huku jina lake liko ukutani.

Levina alipokufa, kelele zilipigwa. Mzee Punch alipigwa marufuku. Unajiuliza, kumbe iliwezekana? Kwa miaka yote hiyo wakubwa walikuwa wakipita mbele ya kuta zile zile. Miezi mitatu baadaye, Mei 1990, baada ya wanafunzi kugoma kuingia madarasani, serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilikifunga chuo kizima na kuwarudisha wanafunzi makwao. Hiyo ilikuwa ni stori nyingine, yenye sababu zake. Naitaja tu ili tusidanganyane kwamba mamlaka za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuchukua hatua. Uwezo ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba aibu ya mwanamke ni jambo la dharura.

Waliokataa kisa hiki kizikwe pamoja na marehemu walikuwa wanawake, na hasa wa TAMWA, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoundwa mwaka 1987, Fatma Alloo akiwa miongoni mwa waasisi wake. Walilitumia jina la Levina katika kampeni zao za kudai kwamba ukatili wa kijinsia usiitwe tena utani wa vijana. Jarida lao liliitwa Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja.

Jina hilo lina uzito kuliko tunavyodhani. Mojawapo ya nyimbo za Siti zinazokumbukwa zaidi, "Kijiti", inasimulia kisa cha mgeni wa kike kutoka bara aliyeuawa Unguja na mwanamume wa jina hilo. Muuaji alivuka bahari akatoroka. Waliobaki mahakamani ni wanawake waliokuwa wametoka na marehemu siku ile na wakaja kutoa ushahidi, na wao ndio waliotiwa hatiani. Siti alifariki mwaka 1950. Miaka 40 kabla ya Levina, tayari tulikuwa na taarabu nzima juu ya jambo hilo hilo: atakayesimama upande wa mwathiriwa, msalaba utamwangukia yeye.

Nimeuona mtindo huo ukijirudia kila nilipofungua ukurasa mpya wa historia hii.

Huku kwetu Kenya, usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya mseto ya St. Kizito kule Meru, wavulana waliokuwa wamegoma walivamia bweni la wasichana. Wasichana hao walikuwa wamekataa kujiunga na mgomo. 19 walikufa na 71 waliripotiwa kubakwa. Ile haikuwa chuo kikuu, lakini mantiki ilikuwa ni ile ile ya Mlimani: msichana akisema hapana, wenzake wa kiume wanajipa haki ya kumwadhibu.

Tanzania ilipata Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, baada ya miaka ya shinikizo kutoka kwa vikundi vya wanawake. Sheria hiyo iliutambua unyanyasaji wa kingono kuwa kosa la jinai, hata unaofanywa kwa maneno. Sisi tulisubiri hadi 2006. Mswada ulipoletwa bungeni na Njoki Ndung'u, mheshimiwa mmoja alisimama akahofia kwamba wanaume watashindwa kutongoza, kwa sababu eti hapana ya mwanamke wa Kiafrika si hapana kamili. Wabunge wanawake wakatoka nje.

Mswada ulipita, ila ulipita ukiwa na mwiba. Kifungu cha 38 kilisema kwamba atakayetoa madai ya uongo ataadhibiwa kwa adhabu ile ile ambayo mshtakiwa angepata. Kwenye karatasi inasikika kama haki. Sasa jiweke mahali pa fresha aliyebakwa na mtu anayemjua, bila shahidi, akiwa na polisi asiyemwamini. Kesi ikianguka, je, yeye ndiye atakayegeuka mshtakiwa? Ilichukua hadi 2012 kwa kifungu hicho kufutwa. Kwa miaka sita, sheria iliyotungwa kuwalinda walalamishi iliwaonya kwanza wao.

Halafu Novemba 2018, Rais John Magufuli alipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufungua maktaba mpya, mhadhiri wa hapo, Dkt. Vicensia Shule, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Tanzania tayari ilikuwa na sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inayoitaja rushwa ya ngono kwa jina. Lakini aliyeitwa haraka kujieleza mbele ya mwajiri alikuwa yeye aliyesema.

Unaona uzi? Mashahidi wa kesi ya Kijiti. Marafiki waliomkimbia aliyechorwa. Mlalamishi chini ya kifungu cha 38. Mhadhiri na simu yake. Kila mara bei inapandishwa kwa yule anayesimama karibu na mwathiriwa, mpaka watu wenye akili timamu wanaona ni heri kukaa mbali.

Ndiyo maana siamini tena kwamba tatizo letu kuu ni ukosefu wa sera. Makerere ilikuwa na yake tangu 2006. Vyuo vingi vya Kenya vina zao, zimewekwa kwenye tovuti, zina nembo na sahihi. Lakini soma sheria yetu kwa makini. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, kinachohusu unyanyasaji, kinamlenga mtu aliye na mamlaka au anayeshikilia ofisi ya umma. Mhadhiri anayedai mwili ili akupe gredi anaingia humo. Mzee Punch haingii. Mzee Punch ni mwanafunzi kama wewe. Analala hosteli moja na wewe na mnapanga foleni moja ya chapati.

Na asidhani mtu kwamba amekufa. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, kulikuwa na grupu la WhatsApp ambalo wavulana walikuwa wakiwapa alama wasichana wapya, picha kwa picha. Halikuwa na siri yoyote. Tulilijua sote, wavulana kwa wasichana. Siku hizi ni chaneli za Telegram, picha za faragha zinasambazwa, na msimamizi hana jina. Ukuta umehamia mfukoni. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inayakataza mambo haya, na ni vizuri mtu ajue hivyo. Lakini angalia kinachomtokea msichana picha zake zikishavuja. Nani anabaki kwenye grupu la assignment? Nani anahama kiti?

Kwa hiyo ninaposoma sera ya chuo, naanza na swali moja: inamfanyia nini yule wa pembeni? Rafiki aliyepokea simu saa nane usiku. Jirani wa chumba aliyesikia. Darasa zima lililoona. Je, akisindikiza malalamiko, atalindwa asifelishwe na asifukuzwe hosteli? Je, anaweza kuripoti mahali ambapo mtuhumiwa hana rafiki mezani? Sera isiyojibu hayo inamwachia kila mtu ajipigie hesabu zake mwenyewe, na jibu la hesabu hizo tulishaliona mwaka 1990.

Na kuna mambo ambayo hayahitaji sera. Ukimsindikiza mwenzako aliyebakwa hospitali ndani ya saa 72, anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo zake mzibebe kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki. Daktari ajaze ile fomu ya PRC, maana ndiyo itakayozungumza mahakamani kumbukumbu zikishachoka. Namba 1195 ni ya bure. Hakuna hata moja kati ya hayo inayokutaka uwe jasiri wa ajabu. Inakutaka uwepo tu.

Wanaume tuliosoma vyuoni tunapenda kusema, "Mimi sikumfanyia mtu kitu." Pengine ni kweli. Wengi wa wanafunzi wa Mlimani miaka ile nao wangeweza kusema hivyo bila kuongopa. Hawakuchora. Walisoma, wakacheka kidogo, wakahama kiti.

Levina angekuwa mwalimu. Wanafunzi wake wa kwanza leo wangekuwa na watoto wanaojaza fomu za kuingia chuo kikuu. Hatujui kama rafiki mmoja kubaki kando yake kungebadilisha mwisho wake, na si haki kumtwika mtu mmoja mzigo huo baada ya miaka hii yote. Tunachojua ni kwamba Mzee Punch hakuwahi kuwa na askari wala gereza. Alikuwa na karatasi, gundi, na uhakika kwamba sisi wengine tutaondoka.